Kadi ya Trello Hadi Mkataba Uliosainiwa: Mwongozo Kamili wa Kuunganisha Trello na Docusign

Ofisini kwetu tunakodisha maturubai, viti na jenereta kwa shughuli za Dar es Salaam. Kwa miaka mingi, mteja wa Tegeta akishakubali bei, mkataba ulichapwa, meneja akasaini, ukapewa bodaboda, ukaenda Tegeta, ukamkosa mteja, ukarudi. Kadi ya mteja huyo kwenye Trello, ubao wa mtandaoni wa kupanga kazi kwa kadi na orodha, ilisema “Mkataba umetumwa”, lakini hakuna aliyejua karatasi yenyewe iko mkononi mwa nani. Siku ya kufunga turubai ikifika, fundi anauliza kama mkataba umerudi na advansi imelipwa, nasi tunabaki kutazamana.

Mwongozo huu unaonyesha jinsi ya kuiondoa hali hiyo. Unaburuta kadi ya Trello kwenda orodha fulani, mkataba unajazwa wenyewe, unamfikia mteja kupitia Docusign, huduma ya kusaini nyaraka mtandaoni, na akishasaini nakala inarudi kwenye kadi ileile. Nimemwandikia mtu wa ofisi asiyejua kuandika programu hata mstari mmoja. Daraja kati ya Trello na Docusign ni Zapier, huduma inayopeleka taarifa kutoka programu moja hadi nyingine, na daftari ni jedwali la Google Sheets. Ukipenda Make au n8n badala ya Zapier, mpangilio ni uleule, vitufe tu ndivyo vinavyotofautiana.

Kabla ya hatua yoyote, jambo hili lishike. Wengi wakiunganisha programu za namna hii huhangaikia safari ya kwenda: mkataba utoke haraka. Kutoka ni rahisi. Kazi iko kwenye kurudi, pale mikataba kadhaa iko nje na kila mmoja unatakiwa kurudi kwenye kadi yake bila kukosea. Aliyewahi kukaa masjala ameshajua dawa yake. Barua haitoki bila kuandikwa kwenye daftari la dispachi, wala haihesabiwi kuwa imefika mpaka aliyeipokea asaini humo. Tutajenga masjala hiyo katikati ya Trello na Docusign.

Sheria inasemaje

Tanzania ina Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, inayotambua saini za kielektroniki. Kifungu cha 18 ndicho ninachomsisitizia kila mtu wa ofisi akisome. Kinasema taarifa ya kielektroniki ikifika mahakamani itapimwa kwa namna ilivyotengenezwa, ilivyohifadhiwa na ilivyowasilishwa, jinsi uhalisia wake ulivyolindwa, na jinsi aliyeitoa alivyotambuliwa. Kwa hiyo daftari na cheti tutakavyovitunza huko mbele ni sehemu ya ushahidi wako. Kenya nayo, mwaka 2020, ilirekebisha sheria kadhaa za biashara kwa mkupuo ili kuzipa nafasi zaidi saini za kielektroniki.

Mikataba ya kukodisha vifaa, ya kazi ndogo na ya huduma inafaa kwa njia hii. Wosia, mauziano ya ardhi na hati za uwakili usizipitishe humu kabla hujazungumza na wakili. Mkataba wa pango la nyumba pia unadaiwa ushuru wa stempu hata kama umesainiwa kwenye simu.

Hatua ya 1: Chora safari ya mkataba kwenye karatasi

Funga kompyuta. Chukua kalamu, uandike mkataba wako wa mwisho ulipita kwa nani na nani: nani alitaja bei, nani aliandika jina la mteja, nani alihakiki tarehe, nani alisaini kwanza. Ukimaliza, zungushia duara kila mahali ambapo mtu alikuwa akinakili tu kitu kilichokwisha kuandikwa kwingine. Hapo ndipo mashine itafanya kazi. Mahali ambapo mtu alikuwa anaamua jambo, mwachie mtu.

Sisi tulipochora tuligundua kwamba jina la mteja liliandikwa mara nne: WhatsApp, Trello, mkataba, risiti. Tuligundua pia kitu ambacho hatukukitarajia. Kadi za misiba hazitakiwi kupita njia hii kabisa. Mtu aliyefiwa asubuhi anahitaji turubai kabla ya jioni, naye hatumwi akafungue baruapepe na kubonyeza viungo. Kwa msiba tunakwenda wenyewe, tunatoa pole, na karatasi inafuata baadaye. Biashara yako nayo ina wateja wa aina hiyo. Watafute sasa, kwa sababu mnyororo, yaani mfululizo wa hatua zinazojiendesha ndani ya Zapier, ukishaanza kutembea hautawatofautisha bila kuambiwa.

Hatua ya 2: Panga ubao wa Trello

Fungua ubao mmoja wa mikataba, uwe wa faragha, wenye orodha hizi kwa mfuatano: Maulizo, Bei imekubaliwa, Tayari kusainiwa, Inasubiri saini, Mpigie simu, Imesainiwa. Orodha ya “Tayari kusainiwa” ndiyo mlango. Kadi ikiingia hapo, mkataba unatoka. Waambie wenzako wote, kwa maneno hayohayo, kwamba kuburuta kadi kwenda kwenye mlango ni sawa na kumkabidhi bodaboda bahasha.

Kisha ongeza visanduku vya taarifa kwenye kadi. Trello inavyo katika mipango ya kulipia, kuanzia ule wa Standard. Vyetu ni jina kamili la msaini, baruapepe, simu, tarehe ya shughuli, mahali, kiasi kwa tarakimu, kiasi kwa maneno, na toleo. Usiyaweke haya kwenye maelezo ya kadi kama aya, maana mashine haiwezi kuchambua aya na kujua lipi ni jina na lipi ni mtaa.

Kiasi kwa maneno kinaonekana kama usumbufu, nami nakitetea. Mkataba wa Kiswahili unaandika “shilingi milioni moja na laki tano”, na hakuna programu kati ya hizi itakayokuandikia hivyo. Muhimu zaidi, anayejaza analazimika kusoma tarakimu zake upya. Sifuri iliyozidi huonekana pale.

Kisanduku cha toleo kinaanza na 1. Kazi yake utaiona kwenye hatua ya 5.

Hatua ya 3: Tengeneza kiolezo cha mkataba Docusign

Docusign huita kila mzigo unaotumwa kusainiwa bahasha, iwe na ukurasa mmoja au hamsini. Hesabu bahasha zako za mwezi kabla ya kununua mpango. Mpango wa mtu binafsi hutoa bahasha 5 kwa mwezi, na ofisi inayofunga maturubai kila Jumamosi itazimaliza katika wiki moja.

Pakia mkataba wako, kisha uunde kiolezo chenye nafasi mbili za wahusika: Mteja na Kampuni. Usiandike jina la mtu yeyote kwenye nafasi ya Mteja, litaletwa na kadi. Weka visanduku vya maandishi mahali pa jina, tarehe, mahali na kiasi, ukipe kila kimoja jina linalolingana na lile la Trello, herufi kwa herufi. Vifunge ili mteja asiweze kuvibadilisha. Nafasi za saini na tarehe ya kusaini Docusign inazo tayari.

Amua nani anasaini kwanza. Ushauri wangu ni mteja atangulie, meneja afuate. Meneja akisaini kwanza, kampuni imeshajifunga kwa bei ambayo mteja anaweza kukaa nayo wiki nzima akiitembeza kwa washindani. Hilo linanileta kwenye muda wa mwisho. Docusign isipoambiwa chochote huacha bahasha wazi kwa siku 120. Katika siku 120 harusi imefungwa na maharusi wamesherehekea mimba. Weka siku 5, na ukumbusho wa kila siku kuanzia siku ya pili.

Ujumbe unaosindikiza bahasha uandike mwenyewe kwa Kiswahili. Utaje kampuni, shughuli na namba ya simu ya kuuliza. Matapeli duniani kote wanatuma baruapepe za kuigiza Docusign, hivyo mteja makini ana haki ya kuogopa kiungo asichokitarajia. Sisi humpigia kwanza: “Dada, kuna mkataba unakuja kwenye baruapepe yako muda si mrefu, kichwa chake kitataja harusi ya tarehe 14.” Simu hiyo ya nusu dakika inaokoa siku mbili. Kwa mkataba wa fedha nyingi ongeza namba ya siri ya kufungulia, ambayo Docusign inaruhusu, na uitoe kwa mdomo kwenye simu hiyohiyo.

Wateja wa taasisi mara nyingi watauliza mhuri uko wapi. Ongeza kwenye kiolezo kisanduku cha kiambatisho kisicho cha lazima, ili mwenye mhuri apige picha ya ukurasa wake na kuipakia. Usibishane naye kuhusu ulazima wa mhuri, mhasibu wake ndiye anayeutaka.

Hatua ya 4: Fungua daftari

Fungua jedwali jipya la Google Sheets na uliite Daftari la Mikataba. Safu zake ziwe hizi:

Ufunguo, Namba ya kadi, Toleo, Jina la mteja, Namba ya bahasha, Hali, Imetumwa lini, Imesainiwa lini, Kiungo cha nakala.

Ufunguo ni namba ya kadi ikifuatiwa na kistari na toleo. Trello huipa kila kadi namba yake ya herufi na tarakimu 24, isiyobadilika hata ukihamisha kadi au kubadilisha jina lake. Tumia hiyo. Usitumie jina la mteja kamwe. Katika mji huu wenye kina Mwajuma na kina Juma wasiohesabika, siku moja utaweka mkataba wa Juma mmoja kwenye kadi ya Juma mwingine, na hakuna programu itakayokushtua.

Kwa nini daftari, wakati namba ya bahasha ingeweza kuandikwa kwenye kadi yenyewe? Kwa sababu kadi huhamishwa, hufutwa na kuhifadhiwa ghalani, na kila mtu wa ofisi anaigusa. Daftari haliguswi na mtu, linaandikwa na mnyororo tu. Mkikosana na mteja mwakani, ndipo mtakapotafuta nini kilitoka lini.

Hatua ya 5: Mnyororo wa kwenda

Ingia Zapier, unganisha Trello, Docusign na Google. Tumia akaunti ya ofisi kwenye zote tatu. Mnyororo uliounganishwa kwa akaunti ya mfanyakazi mmoja hukatika siku anayoondoka na baruapepe yake kufungwa, na mara nyingi hugunduliwa baada ya wiki. Ujue pia kwamba mpango wa bure wa Zapier hauruhusu mnyororo wa zaidi ya hatua mbili, na wetu una zaidi.

Kichocheo, yaani tukio linaloanzisha mnyororo, ni kadi ya Trello kuhamishiwa kwenye orodha, na orodha ni “Tayari kusainiwa”. Baada ya hapo fuata mpangilio huu, usiupindue:

1. Kichujio. Mnyororo uendelee tu ikiwa jina, baruapepe, tarehe na kiasi vimejazwa, na kadi haina lebo ya Msiba, alama unayoiweka mwenyewe kwenye kadi za aina ile ya hatua ya 1.
2. Tafuta kwenye daftari mstari wenye ufunguo wa kadi hii. Iambie Zapier isihesabu kukosekana kwa mstari kuwa ni kosa.
3. Kichujio cha pili. Endelea tu kama mstari haukupatikana.
4. Andika mstari mpya kwenye daftari, hali ikiwa “Inatumwa”.
5. Tuma bahasha ya Docusign kutoka kwenye kiolezo, kila kisanduku kikijazwa kutoka kwenye kadi.
6. Rudi kwenye mstari uleule, jaza namba ya bahasha, badilisha hali kuwa “Imetumwa”.
7. Hamisha kadi kwenda “Inasubiri saini” na uache maoni kwenye kadi yenye tarehe na baruapepe iliyotumika.

Namba 2 na 3 za orodha hii zinazuia balaa linalozipata ofisi nyingi katika wiki ya kwanza. Mtu anaburuta kadi, anaona amesahau kitu, anairudisha nyuma, anarekebisha, anaiburuta tena. Bila ukaguzi huo, mteja anapokea mikataba miwili yenye bei mbili tofauti, na anaweza kusaini ule wenye bei ndogo. Naye atakuwa na haki.

Angalia pia kwamba tunaandika kwenye daftari kabla ya kutuma. Tungetuma kwanza halafu mtandao ukakatika, bahasha ingekuwa nje bila kumbukumbu yoyote. Tukiandika kwanza, kosa likitokea tunabaki na mstari wa “Inatumwa” usio na namba ya bahasha, na mstari huo unaonekana kwa macho. Hata masjalani tarishi hatoki mlangoni kabla daftari halijaandikwa.

Ikiwa kweli kuna kosa na mkataba lazima utumwe upya, ibatilishe kwanza bahasha ya zamani ndani ya Docusign, andika “Imebatilishwa” kwenye mstari wake, pandisha toleo la kadi kutoka 1 hadi 2, kisha buruta kadi tena. Ufunguo umekuwa mpya, kwa hiyo mnyororo utakubali. Kubatilisha huku ndiyo mara pekee ambapo mtu anaruhusiwa kugusa daftari kwa mkono wakati mambo yanakwenda sawa.

Kuhusu namna data zinavyosafiri, mambo mawili yanasumbua. Kiasi hutoka Trello kikiwa 1500000, na mteja hasomi namba ya namna hiyo. Zapier ina hatua ya kupanga maandishi inayoweza kuweka mikato ili isomeke 1,500,000. Tarehe ni mbaya zaidi. Programu hizi ni za Kimarekani, na 03/04 kwao ni tarehe 4 Machi. Kwetu ni 3 Aprili. Turubai lililofungwa mwezi mmoja kabla au baada ya harusi halimsaidii mtu. Andika tarehe ya shughuli kwenye kisanduku cha maandishi cha kawaida, ukiutaja mwezi kwa jina, nayo itafika kwenye mkataba kama ulivyoiandika.

Hatua ya 6: Mnyororo wa kurudi

Huu ni mnyororo wa pili, unaojitegemea. Kichocheo ni bahasha ya Docusign kukamilika, yaani wahusika wote wamesaini. Usiridhike na saini ya mteja peke yake, kwa sababu meneja akichelewa siku tatu mkataba bado haujakamilika.

Kwanza, tafuta kwenye daftari mstari wenye namba ya bahasha hii. Mstari huo ndio utakaokuambia namba ya kadi. Usipopatikana, mnyororo usimame na ukutumie baruapepe, kwa maana kuna mtu ametuma mkataba nje ya utaratibu. Hilo litatokea, hasa kwa wakubwa wa ofisi.

Mstari ukipatikana, chukua faili ya PDF iliyokamilika na uiweke kwenye folda ya Google Drive ya mikataba ya mwaka husika. Jina la faili lianze na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, kisha jina la mteja na ufunguo, ili folda ijipange yenyewe kwa tarehe. Hakikisha cheti cha ukamilishaji cha Docusign kimeambatana nayo. Cheti hicho kinaonyesha baruapepe za wasaini, muda waliofungua, muda waliosaini na anwani ya mtandao waliyotumia. Mkataba bila cheti ni kama risiti bila namba. Ukirejea kifungu cha 18, utaona cheti kinajibu lile swali la aliyetoa taarifa alitambuliwaje.

Kisha weka kiungo cha faili kwenye kadi, hamisha kadi kwenda “Imesainiwa”, jaza daftari, na umtumie ujumbe anayepokea advansi. Naweka kiungo kwenye kadi na siambatishi faili yenyewe, kwa sababu kadi inaonekana na kila aliye kwenye ubao, hata kibarua wa msimu aliyeongezwa kuangalia ratiba, wakati Drive inakuruhusu kuchagua nani afungue.

Hapa pana mtego wa saa. Kumbukumbu za Docusign hutoka kwenye mtandao kwa saa za dunia, na Afrika Mashariki iko mbele kwa saa 3. Mteja akisaini saa 7 usiku wa kuamkia tarehe 1 Novemba, data zinazotoka zitasema tarehe 31 Oktoba, saa 22:00. Kwa mkataba wenye bei inayobadilika mwanzoni mwa mwezi, hiyo ni fedha. Weka akaunti zako za Zapier na Docusign kwenye saa za Afrika Mashariki, halafu ukague kwa bahasha moja ya majaribio kama tarehe iliyofika kwenye daftari ni ya hapa. Na kwa kuwa sisi tunahesabu saa kuanzia alfajiri na mashine zinahesabu kuanzia usiku wa manane, kwenye daftari tumekubaliana kuandika mtindo wa mashine, 19:30, bila kuutafsiri. Mtu mmoja akiandika saa 1:30 na mwingine 19:30, daftari limekufa.

Hatua ya 7: Waliokwama

Kichocheo cha Docusign ndani ya Zapier hutazama bahasha zilizotumwa na zilizokamilika. Aliyekataa kusaini, aliyeandikiwa baruapepe yenye kosa, na aliyenyamaza tu, hao hawakamiliki kamwe, kwa hiyo mnyororo wa kurudi hauwaoni. Ofisi ikitegemea minyororo hii miwili tu itadhani kimya ni heri.

Trello ina mitambo yake ya ndani inayoitwa Automation (zamani Butler), na hata mpango wa bure unairuhusu kwa kiasi. Iwekee amri mbili. Ya kwanza: kadi ikiingia “Inasubiri saini”, iwekewe tarehe ya mwisho ya siku 2 mbele. Ya pili: tarehe hiyo ikifika na kadi bado iko hapo, ihamie “Mpigie simu”. Basi. Mtu anayefungua ubao asubuhi anaanza na orodha hiyo, na namba ya simu iko kwenye kadi.

Usitafute namna ya kuifanya simu hii nayo ijiendeshe. Nimeona watu wakiongeza ukumbusho juu ya ukumbusho, mpaka mteja anaziba baruapepe zote za kampuni. Aliyenyamaza siku mbili ana sababu: bei imemshtua, shemeji amepata turubai la bure, baruapepe haifunguki kwenye simu yake, au amejaza nafasi moja na hajui kwamba kuna kitufe cha kumalizia. Sababu hizo zinatibiwa kwa mazungumzo. Mwisho wa simu, aliyepiga aandike kwenye kadi alichoambiwa.

Baruapepe iliyokosewa inahitaji jicho la pekee. Docusign humpa taarifa mtumaji pale ujumbe unaporudishwa na seva ya mpokeaji. Lakini baruapepe iliyokosewa kwa herufi moja inaweza kuwa ya mtu mwingine kabisa, aliye hai, na hapo hakuna kinachorudi. Mkataba wa mteja wako unasomwa na mgeni. Ndiyo maana tunamwomba mteja atutumie anwani yake kwa maandishi kwenye WhatsApp, tunakili na kubandika, hatuiandiki kwa kusikiliza.

Hatua ya 8: Jaribu kabla mteja hajakujaribia

Docusign hutoa akaunti ya majaribio ya bure kwa watengenezaji wa programu, ambayo nyaraka zake hazina nguvu ya kisheria. Jaribia kiolezo humo mpaka visanduku vikae sawa. Kisha, kwenye akaunti halisi, tengeneza kadi za uongo ukitumia baruapepe zako mbili, upitishe hali hizi moja baada ya nyingine: kadi kamili, kadi isiyo na baruapepe, kadi iliyoburutwa mara mbili, kadi ya msiba, mteja anayekataa, mkataba uliobatilishwa na kutumwa kwa toleo la 2. Kwa kila hali, andika kabla ya kuanza unategemea nini kionekane kwenye kadi, kwenye daftari na kwenye Drive. Ukiandika baadaye, utakubali chochote kilichotokea.

Jaribu pia kusaini kwa simu ya kawaida, si ya ofisi, kwa bando la kawaida, ukiwa ndani ya daladala. Mkataba wetu wa kwanza ulikuwa na picha nzito ya nembo kwenye kila ukurasa, na kwenye simu ya bei nafuu ulichukua muda kufunguka. Tuliiondoa nembo kurasa zote isipokuwa ya kwanza.

Baada ya hapo endesha njia mbili sambamba kwa wiki mbili. Mkataba utoke kielektroniki, na orodha ya karatasi ukutani iendelee kujazwa. Mwisho wa wiki linganisha. Ni kazi maradufu, najua, na watu watalalamika, lakini ndiyo njia pekee ya kuwafanya wenzako waiamini.

Taarifa za watu

Majina, simu na anwani unazokusanya ni mali ya wenyewe. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Tume inayoisimamia, Kenya ina yake ya mwaka 2019. Programu zote hizi huhifadhi data nje ya nchi, na sheria zote mbili zina masharti kuhusu hilo, kwa hiyo ofisi inayokusanya taarifa za wateja wengi ijisajili na kufuata taratibu za nchi yake. Kwa upande wa kila siku, usikusanye usichokihitaji. Wakati fulani tulikuwa tunaomba picha ya kitambulisho cha NIDA kwa kila mteja, na hakuna aliyeweza kueleza tunaitumia wapi. Tuliacha.

Mwondoe kwenye ubao, kwenye Drive na kwenye daftari kila anayeacha kazi, siku hiyohiyo. Washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye akaunti ya ofisi, kwa sababu aliye nayo anaweza kutuma mkataba wowote kwa jina la kampuni.

Ukaguzi wa Ijumaa

Kila Ijumaa mchana mtu mmoja, anayejulikana kwa jina, afungue daftari na aangalie mambo matatu. Mistari ya “Inatumwa” isiyo na namba ya bahasha: mnyororo ulikatika, tazama historia ya Zapier ujue wapi. Mistari ya “Imetumwa” iliyozidi siku 5: muda wake umeisha Docusign, mteja aulizwe mara ya mwisho kisha kadi ifungwe. Na mistari ya “Imesainiwa” isiyo na kiungo cha nakala: faili haikufika Drive, ipakuliwe kwa mkono siku hiyo, kabla ya kufunga ofisi.

Mpe kazi hiyo mtu wa pili pia, akae naye Ijumaa mbili na kumwona anavyofanya. Wa kwanza atakwenda likizo mwezi wa harusi nyingi kuliko yote.